Alisema Nini? Masolo ya Usiku Mjini Likasi

Meza yangu ya kazi iko barazani, mtaa wa Kikula, mjini Likasi, huku Katanga, Kongo. Hapo ndipo ninapofungua redio, simu, na zile televisheni za kichogo ambazo wenyewe bado hawajakubali kuzitupa. Binti yangu, mwenye miaka kumi na saba, hukaa pembeni akitazama katuni za Kijapani alizonakiliwa kwenye kadi ya simu. Macho yangu yako kwenye waya, sikio liko kwake. Kwa katuni za Kijapani nilizozoea mimi, sikio linatosha: ngumi, miale, mtu anapiga ukelele wa dakika nzima kabla hajarusha pigo. Siku hiyo sikusikia hata kofi. Nimefungua skrubu sita, nimepuliza vumbi, nimelehemu waya mbili, bado watu wanaongea tu.

"Batapigana saa ngapi?" nikamuuliza.

"Papa, habapigane. Beko banasema tu."

Nilicheka. Kisha nikavuta kiti.

Katuni yenyewe inaitwa Bakemonogatari. Imetokana na hadithi za mwandishi anayejiita Nisio Isin, zilizotoka kama vitabu mwaka 2006, na studio ya Shaft ikaitoa kwenye televisheni ya Japani mwaka 2009, mwelekezi akiwa Akiyuki Shinbo. Jina hilo ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja: bakemono, zimwi au kiumbe kinachojigeuza, na monogatari, masimulizi. Kijana mmoja aliyewahi kuumwa na mnyonya damu anakutana na wasichana, na kila mmoja ana kitu kilichompata. Wa kwanza ana uzito wa kilo 5 tu, kwa sababu alikutana na kaa. Mwingine ni mtoto asiyefika anakokwenda, kisa konokono. Mtaalamu wa mambo hayo hana hekalu. Analala kwenye gofu la jengo lililokuwa la masomo ya ziada, hana panga, hana bunduki. Kazi yake kubwa ni kuuliza maswali. Na huyo kaa, wakati msichana anapiga magoti kumwomba radhi, wenzake chumbani hawamwoni hata kidogo.

Chuma cha kulehemu kilikuwa kimepoa mkononi. Kaa sikuwahi kumsikia, lakini namna hii ya kumleta zimwi mezani kwa maneno naijua tangu utotoni. Niliisikia Panda, kambi ya kampuni ya migodi hapa mjini, kwa nkambo wangu.

Nkambo, yaani bibi, mzaa mama, aliletwa Panda akiwa mke mchanga katika miaka ya 1930. Wakati huo mji wetu wa Likasi uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, Mbelgiji wa makampuni na reli. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilikuwa imechoka na wafanyakazi wa mikataba mifupi waliokuja, wakafa au wakatoroka. Kuanzia 1928 ikabadili mbinu: mwanaume aje na mkewe, apewe nyumba ya kambini, posho ya unga, zahanati, shule ya watoto. Mwaka 1929 mtambo wa Shituru ukaanza kusafisha shaba kwa umeme. King'ora kikilia unaamka, kikilia unatoka kazini. Na usiku Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea ovyo.

Sasa weka watu katika mpango kama huo: Waluba, Wabemba, Wasanga, Walunda, Warundi na Wanyarwanda wachache, wote wanajifunza Kiswahili kimoja cha kambini, wote wamefungiwa usiku. Wafanye nini? Wanapiga masolo. Masolo ni maongezi tu, ya kupitisha muda. Lakini masolo ya usiku ya Panda yalikuwa na mada yake: batumbula.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atalitambua neno mara moja akiliondolea ba- yetu na kuliwekea wa- yake. Kutumbula ni kutumbua. Batumbula ni watumbuaji, watu waliotumwa na wazungu kukamata Waafrika usiku. Kwenu pwani mliwaita mumiani. Nairobi na Kampala walikuwa wazimamoto, na gari lao jekundu. Ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, banyama. Mwanahistoria Luise White aliwakusanya wote katika kitabu kimoja mwaka 2000, na kabla yake, mwaka 1975, Rik Ceyssens alikwisha kuandika kuhusu batumbula wa Kongo peke yao. Hoja ya White naikubali: usiulize kama ni kweli, tazama vitu vilivyomo ndani ya hadithi, kwa sababu vitu hivyo ndivyo watu walivyoishi navyo: taa, gari, shimo, sare, mshahara.

Ila White alikuwa mtu wa nje, akikusanya. Kuna jambo ambalo aliyekaa juu ya mkeka analijua zaidi. Hadithi ya batumbula haikuwa na tukio. Nitakupa moja ya nkambo, niipunguze.

Mwanaume ametoka zamu ya jioni Shituru. Anafuata njia ya reli. Anamkuta mtu amesimama na taa ya mkono, hana haraka. Basi. Hapo ndipo tendo linapokwisha. Saa nzima iliyobaki ni ya wale wawili kusemezana.

"We njo nani?" anauliza mwenye taa.

"Mi niko mutu wa kazi."

"Kazi ya wapi?"

Nasi tuliokaa tunaingilia. Sauti yake ilikuwaje? Alisema Kiswahili cha wapi? Alimwita kwa jina au kwa namba ya kazi? Nkambo alipaswa kujibu kila swali. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mkeka wetu: anayesimulia akishindwa swali, hadithi inatoka mikononi mwake, mwingine anaichukua na kuiendeleza anavyojua. Swali lililoogopwa kuliko yote lilikuwa fupi: ulimuona na macho? Msimulizi mwerevu hakudai kuona. Alijibu: balinielezea. Nimeelezwa. Na tena: nani alikueleza? Mara kumi na tano nimesikia hadithi ile, na mara kumi na tano mwenye taa alijibu tofauti. Kuna usiku alitaka moto wa kuwashia tumbaku. Kuna usiku alimwambia mwanaume yule idadi ya watoto wake. Wa mwisho kuuliza alikuwa daima babu yangu, aliyekuwa kimya muda wote: "Na mwanaume alifika nyumbani?" Nkambo hakuwahi kulijibu hilo, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya hadithi kwa sababu hiyo.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, hapa Jadotville na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mshahara ulioliwa na bei za vita. Askari wakapiga risasi, watu wakafa katika miji yote miwili. Nkambo alikuwa Panda. Hakuwahi kunisimulia mgomo ule hata siku moja, nami nilikuja kuusoma kwenye vitabu nikiwa mtu mzima. Alichonisimulia ni mwenye taa. Kusema kampuni inakula watu ilikuwa kesi. Kusema batumbula wanakula watu ilikuwa masolo.

Binti yangu nilipomweleza haya alisema: basi batumbula ni bavampire. Nikamwambia ndiyo, lakini wetu walipewa mshahara.

Mkeka haukuwa peke yake: sebuleni kwetu kulikuwa na picha. Baba aliinunua kwa mchoraji wa kupita, miaka ya 1970, nami nikiwa mdogo sijui hata bei yake. Ilikuwa mamba muntu: mwanamke wa majini, juu binadamu mwenye nywele ndefu, chini samaki, kioo na kitana mkononi. Nyumba nyingi za wafanyakazi, Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, zilikuwa naye ukutani, pamoja na picha ya Colonie belge, ile ya mfungwa anayechapwa viboko. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian waliandika juu ya picha hizo mwaka 1976, na wakalishika neno la wachoraji wenyewe: ukumbusho. Picha haikuwekwa ili kupendezesha ukuta. Mgeni alikaa, akaitazama, akasema lake, mwenyeji akajibu, na jioni ikaanza. Picha haisemi, inasemesha watu.

Mamba muntu ana masharti. Anakupa mali, wewe unampa kimya. Ukimwambia mkeo umepata wapi, mali inakwisha au mtu anakufa nyumbani. Ndiyo maana jirani akinunua gari ghafla, na haongei, watu walijua. Naomba niseme hapa kwamba baba alinunua picha lakini hakupata gari.

Baada ya mkeka na picha ikaja redio, kisha televisheni. Huko Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa, kulikuwa na kundi la Mufwankolo. Jina la mwigizaji mkuu, Odilon Kyembe Kaswili, watu wengi hawakulijua. Alikuwa Mufwankolo tu, mpaka leo. Waliigiza kwa Kiswahili cha kwetu, si kile cha vitabu vya shule, na hawakuwa na maandishi. Walikubaliana kisa, wakagawana sehemu, kisha kila mmoja akaingia na maneno yake. Mwaka 1986 Fabian, yuleyule, aliwauliza maana ya msemo mmoja kuhusu mamlaka kuliwa nzima bila kugawanywa. Badala ya kumjibu, wakatunga mchezo mzima, wakaujadili, wakaufanyia mazoezi, na ukarekodiwa kwa televisheni. Kitabu chake cha 1990, Power and Performance, kimetokana na hilo. Nakipenda kitabu hicho kwa kuwa kinawanukuu waigizaji wakibishana. Kumbe hata wao walikuwa na mkeka.

Mtaani kwetu seti ilikuwa moja, kwa jirani aliyekuwa karani. Sisi watoto tulining'inia dirishani. Aliyetuigizia siku ya pili yake, kwa sauti zote, za kike na za kiume, alikuwa mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Kwa heshima ya familia yake simtaji jina. Baba yake alizaliwa Likasi, babu yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai. Nitarudi kwake.

Kabla sijarudi, nikae kidogo na Japani, maana watu hudhani Japani na Likasi hazijuani. Wageni wakifika hapa huuliza mambo mawili. Kwanza wale askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapa Septemba 1961, siku tano, walio na filamu yao ya mwaka 2016. Pili Shinkolobwe, kilomita kama 20 magharibi ya mji, ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la Marekani. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alikwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,200 za mawe yale, yakakaa ghalani yakingojea mnunuzi. Agosti 1945 Hiroshima iliungua. Na Wajapani wakaanza kuota mazimwi mapya. Mwaka 1954 wakatengeneza filamu ya Godzilla, joka lililoamshwa na majaribio ya mabomu. Tarehe 1 Januari 1963 televisheni yao ikaanza kurusha katuni ya Osamu Tezuka juu ya mtoto wa mashine anayeitwa Atomu, na hiyo ndiyo iliyofungua njia ya katuni zao zote za kila wiki. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Januari 1963, askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa, waliovuka mto Lufira, waliingia Jadotville, na ndoto ya Katanga iliyojitenga na Kongo ikafa mwezi huohuo. Sisemi tarehe hizo zinahusiana. Nasema tu kwamba mawe ya jirani zetu yalifika huko kabla hadithi zao hazijafika huku. Wao wenyewe walikuja pia: miaka ya 1970 kampuni ya Kijapani ilichimba shaba Musoshi, karibu na Kasumbalesa.

Basi, 1992. Nilikuwa na miaka ishirini. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka miaka miwili kabla, Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, ilikuwa inakauka, mishahara inachelewa. Agosti mwaka huo Mkutano Mkuu wa Kitaifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Huku kwetu neno moja likaanza kupita: bilulu. Wadudu. Watu wa Kasai ni bilulu.

Neno hilo halikuzaliwa kwenye mkeka. Lilitoka kwenye mikutano ya siasa, kwenye vipaza sauti, na kwenye kipaza sauti hakuna anayeingilia kuuliza: ulimuona na macho? Nani alikueleza? Alisema nini yeye, mwenyewe? Likapita mdomo hadi mdomo bila kujibiwa, na ndani ya wiki chache jirani niliyekula naye bukari na sombe tangu utoto akawa na miguu sita. Nyumba zikachomwa. Makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia kituo cha reli cha Likasi na madarasani, wakalala hapo wiki, wengine miezi, wakisubiri treni za kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watoto walikufa kituoni kwa kuhara na surua. Wengine walikufa mabehewani.

Rafiki yangu wa nyumba ya nne aliondoka mwanzoni mwa 1993. Nilikwenda kituoni mara moja, na unga kidogo. Tulisimama. Yeye aliyejua kuigiza sauti zote hakuwa na neno, wala mimi sikuwa na swali. Ningemuuliza nini? Mpaka leo katika katuni ya binti yangu, kila kiumbe kinapoingia, kaa, nyani, nyoka, paka, naona watu wakikaa chini kuulizana kimetoka wapi na nani alikiita. Sisi kiumbe tulikiita wenyewe, mchana, kwa jina lake, na hatukukaa chini.

Sikusudii kumfanya Nisio Isin nabii wa Likasi. Yeye hatujui sisi. Na kusema kweli, katuni yake ina mambo mengine ambayo mzazi hapendi mwanawe wa kike ayaone, macho ya mwanaume yanayomtembelea msichana kuanzia kisigino. Nimemwambia binti hivyo, naye akaniambia anajua, na kwamba marafiki zake wa kike hubishana juu ya hilo kuliko juu ya mazimwi. Basi wabishane.

Baada ya treni zile, mji ulibaki na sauti chache. Mwisho wa miaka ya 1990 nilipata deki mbili za kanda, moja nzima, nyingine ya vipuri, nikawa nahudumia banda la video hapa Kikula. Filamu za Hong Kong, za Marekani, na kanda za katuni za Kijapani zilizosemeshwa Kifaransa, ambazo ndugu walio Ulaya walizirekodi kwenye kipindi cha Club Dorothée cha televisheni ya Ufaransa, kilichoendeshwa 1987 hadi 1997. Nusu ya watazamaji hawakufuata Kifaransa hicho cha mbio. Kwa hiyo alikuwepo mkalimani. Alisimama kando ya seti na kuwasemea wote, mhalifu, polisi na mke wa polisi. Hakutafsiri. Aliongeza ugomvi wa mtaani, deni la unga, jina la mtu aliyekaa mstari wa mbele. Filamu ya dakika tisini watu waliitazama kama masolo, wakimuuliza maswali, naye anawajibu huku risasi zinalia nyuma yake bila kazi.

Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo, kwa hiyo jambo hili si letu peke yetu. Wala si la Afrika peke yake. Katika miji ya Japani, enzi za filamu zisizo na sauti mpaka miaka ya 1930, kulikuwa na benshi, mtu aliyesimama kando ya turubai akiwasemea wahusika, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya jina lake zaidi ya jina la mwigizaji. Hata makambi ya Union Minière yalikuwa na maonyesho ya filamu yenye msemaji wa Kiswahili penye maikrofoni. Babu alimkumbuka msemaji huyo. Filamu zenyewe alizisahau.

Banda letu lilikufa kwa sababu mbili. Televisheni ziliingia majumbani, halafu mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa bahasha na kuambiwa wanaondoka kwa hiari, na mtaa mzima ukawa hauna pesa ya kiingilio. Baba alikuwa mmoja wao. Bahasha iliisha kabla ya mwaka kwisha. Picha ya mamba muntu aliiuza kwa mzungu mmoja aliyepita akikusanya, na akasema kwamba huyo mwanamke mwishowe ametupa pesa kidogo.

Sasa kila mtu ana skrini yake na visikilizio masikioni. Hilo lilinisumbua kuliko nilivyotaka kukiri. Masolo ya mtu mmoja ni nini? Lakini binti yangu hutazama mara mbili. Mara ya kwanza peke yake. Mara ya pili anakuja na wenzake watatu, simu moja inaegemezwa kwenye sufuria, na wanaizuia kila dakika. Ngoja. Kasema nini hapo? Kwa nini kasema jina lake kamili? Mmoja anajua Kifaransa zaidi, anasoma maandishi ya chini na kuyageuza Kiswahili cha Kikula, na wengine wanamkatiza: we, hakusema hivyo. Sehemu moja ya dakika ishirini na nne inawachukua jioni nzima. Nilipowasikia mara ya kwanza niliacha kazi.

Umeme ulikatika jioni moja wakiwa katikati. Mtu mwingine angesema basi. Wao hawakusema basi. Wakaendelea gizani, kila mmoja anatunga maneno ya mhusika wake, mpaka wakafika mahali ambapo hakuna aliyejua kaa angejibu nini. Nikawaeleza mchezo wa zamani wa Wajapani, hyakumonogatari, wa enzi za Edo: watu wanakaa usiku na taa mia, kila mmoja anasimulia hadithi ya kutisha, kila hadithi ikiisha taa moja inazimwa, na wengi huishia tisini na tisa kwa kuogopa kitakachoingia giza likikamilika. Binti akasema sisi hatuhitaji kuzima, wanatuzimia. Kisha akaniambia: "Papa, tusimulie wewe."

Nikawasimulia mwenye taa wa Shituru. Nilikuwa nimefika "Kazi ya wapi?" mtoto wa jirani akaniuliza mwanaume yule alikuwa na umri gani, na mwingine akauliza taa ilikuwa ya mafuta au ya kabaidi. Sikujua. Hadithi ikatoka mikononi mwangu, na aliyeichukua alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mjukuu wa mtu aliyerudi kutoka Kasai miaka ya karibuni.

Nilijilaumu usiku ule kwa jambo moja. Swali la taa nkambo angelijibu, na mimi sikuwahi kumrekodi, ilhali nilikuwa na mashine tatu za kurekodi mezani. Mwaka 1965 mtumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, André Yav, aliandika kwa Kiswahili historia ya Élisabethville kama wenzake walivyoisema, na ndiyo maana leo tunayo. Ya Panda na Shituru iliyosemwa namna hiyo mimi sijaiona. Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu bado kuna mzee aliyeishi kambini kabla ya 1960, Likasi, Kolwezi, Kipushi au popote shaba ilipochimbwa, kaa naye wiki hii. Weka simu mezani, bonyeza kurekodi, na usimuulize aliona nini. Muulize mwenye taa alisema nini.